Kamajuu Haichukui cha Chini

Inspekta alilitupa faili mezani, likateleza hadi likagonga vidole vya mshukiwa. Mshukiwa hakuviondoa.

"Siku mbili," Inspekta alisema, bado amesimama. "Siku mbili naihangaikia mashine yako ya tisa. Nimeipasua tumbo kama samaki. Nimewahoji wote wanaoigusa, mpaka anayefagia chini yake. Mashine ya tisa inakausha taulo. Haina siri, haina dhambi, haina hata kutu. Sasa wewe ulinituma huko kufanya nini?"

"Sikukutuma kwenye mashine."

Inspekta alifungua daftari lake na kuzifunua kurasa kwa nguvu, moja nusura ichanike. "Jumatatu, saa nane na dakika tano mchana. Mshukiwa anasema, 'Angalia tisa.' Mwandiko huu ni wangu."

"Mwandiko ni wako, lakini masikio sijui ulimwazima nani. Nilisema, 'Bonyeza tisa, uangalie yaliyokuwemo.' Ulikuwa unafunga mlango. Mlango wenu mzito, afande. Unakata maneno ya watu."

Koplo, aliyesimama kwenye kona na chupa ya maji, alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Inspekta alimgeukia. Kikohozi kikapona papo hapo.

Mshukiwa alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi pale ilipokatika. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa karani wa rekodi katika kiwanda cha kufulia, kile kinachofua mashuka ya hospitali na hoteli, na wenzake walimwita Kinanda kwa namna vidole vyake vilivyotembea juu ya kibodi bila yeye kuvitazama. Jumamosi asubuhi boila ya nne ya kiwanda hicho ilipasuka, ikamuua mwendeshaji wake. Marehemu alikuwa shemeji yake Kinanda, mume wa mdogo wake wa tumbo moja. Jumatatu Inspekta alimkamata Kinanda msibani, mbele ya jeneza, mdogo wake akiangalia. Mdogo mtu hakulia wala hakuuliza. Alitema mate chini, karibu na viatu vya dada yake, akageuka.

Na ushahidi wote ulikuwa karatasi moja. Meneja wa kiwanda aliileta mwenyewe kituoni, ndani ya bahasha safi. Kiwanda kina programu inayotunza rekodi za mashine zote ishirini na nne, kila mashine na kadi yake kwa namba, boila zikiwa moja hadi nne. Karatasi ile ilikuwa nakala ya kadi ya boila ya nne. Alama yake ilikuwa ya kijani, maana yake salama. Ilisema vali imebadilishwa. Vali haikuwa imebadilishwa. Wataalamu waliiokota vipande vipande, imeliwa na kutu. Chini ya kadi palikuwa na jina la aliyehifadhi, ambalo ni la Kinanda, na saa: Ijumaa, saa nne na dakika arobaini na mbili asubuhi. Siku moja kabla ya kifo.

"Saa kumi leo unapelekwa kwa hakimu," Inspekta alisema. "Kughushi rekodi na kusababisha kifo. Mkuu wa kituo hataki tena kusikia habari za tisa wala kumi. Kadi hii uliiandika wewe?"

"Umeisoma?"

"Mara tatu."

"Umesoma rangi. Soma maneno."

Inspekta aliivuta karatasi, akaisoma kwa sauti kali, kama mwalimu anayesoma insha ya mtoto mtoro. "'Rola imevishwa kitambaa kipya. Vali imebadilishwa. Imejaribiwa, iko slama.' Slama. Hata kuandika hujui."

"Rola," Kinanda alisema.

"Rola nini?"

"Boila ina rola?"

Koplo ndiye aliyeshindwa kuvumilia. "Afande, boila ni kama birika kubwa."

"Najua boila ni nini."

"Birika halivishwi kitambaa."

"Nyamaza."

"Maneno hayo ni ya mashine ya tano," Kinanda alisema. "Ile ya kupiga pasi. Niliyaandika mimi, Alhamisi, fundi alipoitengeneza kweli. Na hilo 'slama' ni langu pia, nilikuwa na haraka. Mtu ameyabeba maneno ya pasi akayapachika kwenye boila. Meneja akaona kijani. Wewe ukaona kijani. Mkuu wako akaona kijani. Watu watatu wenye vyeo, na hakuna aliyesoma mistari miwili. Mimi ndiye niliyetolewa msibani kama mwizi wa kuku."

Inspekta alivuta kiti na kuketi. Masikio yake yalikuwa yanawaka moto. Ni kweli alisoma mara tatu, na mara zote tatu macho yake yalikimbilia neno "vali" kama nzi kwenye kidonda.

"Yanabebwaje?" aliuliza, sauti imeshuka.

Kinanda aliweka vidole vyote kumi juu ya meza tupu, vikaanza kutembea. "Kipanya mimi sikigusi, kinanichelewesha. F3, natafuta kadi. Mshale, nahamia inayofuata. F10, nahifadhi. F9 ndiyo ile uliyokwenda kuitafuta kwenye taulo: inaonyesha yaliyokuwemo kabla hayajafutwa. Na F8 ni kamajuu."

"Kama nini?"

"Kamajuu. Zamani tulikuwa na madaftari makubwa. Mstari ukifanana na uliotangulia huandiki upya, unaweka vialama viwili. Ukisoma unasema, 'kama juu.' Ilipokuja kompyuta, F8 ikafanya kazi hiyo: unabonyeza, inavuta hali na maelezo ya kadi iliyo juu yake. Nikaiita kamajuu. Jina likashika, lakini kwetu tu."

"Kwa hiyo kitufe unakijua wewe, jina umelitunga wewe, na kadi imehifadhiwa kwa jina lako. Unajichimbia kaburi na jembe lako mwenyewe."

"Ndiyo maana nilitaka ubonyeze tisa kwanza."

"Nani mwingine anaijua kamajuu?"

"Makarani wawili niliowafunza wameacha kazi kitambo. Amebaki Meneja."

"Meneja?"

"Alikuja kwangu kujifunza akiwa kijana wa suruali moja. Alikuwa anadonoa herufi kama kuku. Nilimfunza mpaka akawa haangalii chini. Alipopanda cheo, akanunua kipanya."

"Na neno lako la siri?"

"Mwaka jana nililazwa wiki tatu. Alilitaka, nikampa. Niliporudi nikaomba nibadilishiwe. Akasema atashughulikia." Kinanda aliirudisha miwani puani. "Mpaka leo anashughulikia."

Inspekta alisimama. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na robo.

"Koplo, gari."

*

Kiwanda kilikuwa kinanuka sabuni iliyochacha. Boila zote zilikuwa zimezimwa. Bila mvuke hakuna kazi, na mashuka yalikuwa yamerundikwa ukumbini mpaka usawa wa madirisha, yameanza kuota madoa ya kijivu. Nyuma, ukuta wa chumba cha boila ulikuwa umelala chini. Kandambili moja ya mguu wa kushoto ilikuwa bado pale, kati ya matofali. Siku ya tano hiyo, na hakuna aliyeona ni kazi yake kuiokota. Inspekta aliinama, akaiokota, akampa Koplo.

"Ni ushahidi, afande?"

"Ni kandambili ya mtu. Iweke garini vizuri."

Meneja aliwapokea mlangoni mwa ofisi yake. Shati lake lilikuwa limenyooka kuliko maneno yake. "Karibu, dada Inspekta. Nilidhani tumeshamaliza."

"Afande inatosha. Nani hapa anaandika kwenye kadi za mashine?"

"Karani. Nani mwingine?"

"Wewe hujui?"

"Mimi natazama tu." Meneja aliketi, mkono wake wa kulia ukatua juu ya kipanya kama mtu anayempapasa paka. "Mambo ya vitufe vitufe siyajui, afande. Hayo ni ya makarani. Mimi ni mtu wa kipanya."

Inspekta alikuwa anatazama ukuta nyuma ya kiti. Palikuwa na orodha ya mashine zote, imechapwa vizuri, imesainiwa. Ilianza na ishirini na nne na kuishia na moja.

"Mbona orodha yako imesimama kwa kichwa?"

Meneja alitabasamu. Swali lilimfurahisha. "Wapya kwanza. Mashine kumi za juu zote nimezileta mimi. Mgeni akiingia aone maendeleo kabla hajaona makumbusho."

"Umeichapa wapi?"

"Hapa hapa, kwenye kompyuta yangu. Ndivyo ninavyoziona kwenye skrini, ndivyo zinavyotoka. Kila Jumatatu, miaka minne sasa, bila kukosa. Mimi ni mtu wa utaratibu."

"Hata Jumatatu hii ya mazishi?"

"Kazi ni kazi."

"Naweza kuchukua nakala?"

"Chukua faili zima," Meneja alisema kwa fahari, akalitoa mwenyewe kwenye kabati.

Inspekta alilipokea. "Ijumaa mlikuwa na mgeni."

"Mkaguzi wa serikali, saa tano kamili. Alikuta kadi zote kijani."

"Angekuta boila ni nyekundu?"

"Angeizima. Lakini karani aliandika iko salama, nasi tukamwamini. Inauma sana." Alisema "inauma" huku akinyoosha mkunjo kwenye mkono wa shati.

*

Kiti cha Kinanda kilikuwa chumba cha tatu, karibu na mlango wa kupokelea mafurushi. Fundi wa kompyuta, ambaye kiwandani walimwita Waya, aliwakiwa na Inspekta kabla hajaiwasha kompyuta.

"Kipanya cha hapa kiko wapi?"

"Kwenye droo, afande. Bado kiko kwenye karatasi kilichokuja nacho."

"Nionyeshe orodha."

Orodha ilifunguka. Moja ilikuwa juu kabisa, ishirini na nne chini kabisa. Herufi za kibodi zilikuwa zimefutika zote kwa kuguswa. Vitufe vilikuwa vyeupe kama meno.

"Nani kaipanga hivi?"

"Mwenyewe. Hajawahi kuibadilisha. Mpangilio unakaa kwenye kompyuta, haufuati jina la mtu."

"Ingia kadi ya boila ya nne. Bonyeza F8."

"Afande, nitaharibu rekodi ya..."

"Usihifadhi. Bonyeza tu."

Waya alibonyeza kwa kidole kimoja, kama anayegusa pasi ya moto. Maneno yalibadilika: "Bomba la maji limesafishwa. Hakuna tatizo."

"Hayo ni ya nani?"

"Ya boila ya tatu. Ndiyo iko juu yake."

"Sasa nivutie ya mashine ya tano."

"Haiwezekani, afande. Ya tano iko chini. Hiki kitufe kinavuta cha juu tu. Cha chini hakichukui."

Inspekta alirudia maneno hayo polepole. Kisha alifungua faili la Meneja, akaweka orodha moja mezani, mbele ya macho ya Waya, na kuteremsha kidole juu yake. Saba. Sita. Tano. Nne.

Waya alitazama karatasi. Akatazama skrini. Akairudia karatasi.

"Kompyuta zenye programu hii ni ngapi?"

"Tatu. Hii, ya stoo na ya Meneja. Ya stoo imekufa tangu mwezi uliopita, haiwaki."

"Lakini karani angeweza kuigeuza orodha yake juu chini, akabonyeza, akairudisha?"

"Angeweza. Sekunde kumi tu."

"Basi Meneja atasema hivyo hivyo." Inspekta alipiga meza kwa kiganja, kibodi ikaruka. "Ijumaa, saa nne na dakika arobaini na mbili. Programu iliandika nini?"

"Nilishatoa, afande. Boila ya nne, imehifadhiwa, jina la karani."

"Mstari mmoja?"

"Meneja aliomba mstari mmoja. Nikampa mstari mmoja."

"Na mimi je?"

Waya alikwaruza shingo. "Wewe hukuomba kitu, afande."

Koplo alitazama dari. Inspekta alianza kuhesabu moyoni mpaka tano, akaishia tatu. "Sasa naomba. Dakika nzima. Kila kitu kilichofanywa kwa jina lake, sekunde kwa sekunde."

Printa ilitoa ukurasa. Ijumaa ile asubuhi mafurushi ya hospitali yalikuwa yanaingia, na Kinanda alikuwa anayaandikisha moja moja: sekunde ya tano, furushi la mashuka. Sekunde ya sita, kadi ya boila ya nne imefunguliwa. Ya saba, furushi la foronya. Ya nane, kadi ya boila imenakiliwa kwa F8. Ya tisa, furushi la mashuka. Ya kumi, kadi ya boila imehifadhiwa. Ya kumi na moja, furushi la mataulo.

Koplo alisoma juu ya bega lake. "Afande, huyu mama anaandika furushi na boila kwa pamoja?"

"Mafurushi yanaandikwa kwenye dirisha gani?"

"Jingine kabisa," Waya alisema. "Kutoka kwenye furushi hadi kwenye kadi lazima ufunge moja ufungue jingine. Hata yeye, na wepesi wake wote, hawezi kwa sekunde moja."

"Kwa hiyo jina moja lilikuwa limekaa sehemu mbili."

"Binadamu ana makalio mawili," Koplo alisema, "lakini kiti hukalia kimoja."

Safari hii Inspekta hakumnyamazisha. "Bado kitu kimoja. Ondoa yote bila kuhifadhi. Rudi kadi ya nne. Bonyeza tisa."

Kadi ilibadilika rangi. Yaliyokuwemo kabla ya Ijumaa yalijitokeza, yameandikwa Jumatano, na alama yake ilikuwa nyekundu kama jeraha. Yalianza hivi: "Vali inavuja tangu Jumapili. Mwendeshaji anaomba boila izimwe." Mistari ilikuwa minne, na kando yake programu ilikuwa imeandika: imesomwa na Meneja, Jumatano, saa nane mchana. Inspekta alisoma mpaka mwisho. Mstari wa mwisho aliurudia.

"Siku mbili," alisema. "Kitufe kimoja. Nilikiandika kwenye daftari langu kwa mkono wangu mwenyewe, nikaenda kupasua mashine ya taulo." Alimwambia Waya ayachape yale ya Jumatano, akaikunja karatasi iliyotoka kwenye printa, akaiweka mfuko wa kifuani. Kisha alimnong'oneza Koplo neno moja, na Koplo akatangulia.

*

Alipoingia ofisini kwa mara ya pili, Koplo alikuwa upande wa pili wa meza ya Meneja, anasifia picha ukutani. Meneja alikuwa amesimama, hajui asimamie upande gani.

"Nimeongea na karani wako," Inspekta alisema. "Anasema Jumatano aliandika kwenye kadi kwamba vali inavuja, nawe ukaisoma."

"Mwongo. Sijasoma kitu."

"Anasema wewe ni mwanafunzi wake."

"Hiyo ni zamani."

"Anasema ulikuwa unadonoa kama kuku."

Shingo ya Meneja ilinyooka. "Afande, mimi naongoza watu mia na arobaini."

"Anasema mpaka leo huwezi kufungua kadi moja bila kumwita mtu akushike mkono. Wafanyakazi wote wanakucheka, anasema. Mimi sijui. Mimi nataka tu kuiona kadi ya boila ya nne, lakini kama ni shida namwita Waya, yuko hapo nje."

"Shida?" Meneja aliketi kwa kishindo. "Yule mama kaniudhi miaka kumi na miwili. 'Usitazame vidole. Keti wima.' Mbele ya watu, kama mtoto. Kadi ya nne? Ngoja nikuonyeshe shida."

Mkono wake wa kulia ulikwenda kwenye kipanya, ukapapasa meza tupu. Hakuuangalia. Hasira haikumpa nafasi. Mikono yote miwili ilirudi kwenye kibodi na vidole vikaenda vyenyewe, kama miguu inavyojua njia ya kwenda nyumbani: F3, nne, ingiza. Macho yake hayakushuka hata mara moja. Kadi ya boila ya nne ilikuwa mbele yao kabla Koplo hajafumba jicho.

"Haya," alisema. "Nani kuku?"

Koplo alitoa kipanya mfukoni, akakining'iniza kwa waya wake.

"Mtu wa kipanya," Inspekta alisema.

Meneja alitazama mikono yake. Ilikuwa bado juu ya kibodi, vidole vimepinda vizuri, mgongo wake umekaa wima, sawasawa kama alivyofunzwa.

Inspekta alizunguka meza, akainama, akabonyeza F8 kwa kidole chake kimoja. "'Rola imevishwa kitambaa kipya,'" alisoma. "'Iko slama.' Kwenye kiti cha karani nimebonyeza kitufe hiki hiki, nikapata bomba la maji. Kwake ya tano iko chini ya nne. Kwako iko juu, wapya kwanza, na umenipa saini zako za miaka minne kuthibitisha. Kamajuu haichukui cha chini, mheshimiwa. Na sekunde ile ulipokuwa unabonyeza kwa jina lake, mwenyewe alikuwa chumba cha tatu anaandika foronya."

"Ningezima boila, hospitali tatu zingelala bila mashuka." Sauti ya Meneja ilikuwa imepoteza pasi yake. "Ilikuwa siku mbili tatu tu. Vali ilikuwa ije Jumatatu."

"Jumatatu tulikuwa makaburini."

"Sikujua itapasuka."

"Ulijua inavuja. Aliyekuwa amesimama mbele yake alikwambia, ukamfuta. Hukusumbuka hata kutunga uongo wako mwenyewe. Umeazima maneno ya mashine ya pasi. Mtu ana uhai wake mzima, nawe unamwekea kamajuu." Inspekta alinyoosha mkono. "Simama. Koplo, pingu."

"Mnanifunga mbele ya wafanyakazi?"

"Mbele yao hasa. Tutapita ukumbini, katikati."

*

Saa tisa na nusu alikuwa kwenye uwanja wa nyumba ya marehemu. Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu. Viwili vimeezekwa, cha tatu kinatazama mbingu. Wanawake waliokuwa wamekaa na mfiwa walijisogeza karibu naye walipoiona sare. Mfiwa hakusimama.

"Umebakiza nani?" aliuliza. "Umekuja kunichukua na mimi?"

"Nimeleta hii." Inspekta aliiweka kandambili chini, mbele ya miguu yake, taratibu. Kisha akatoa karatasi. "Na hii. Dada yako aliiandika Jumatano. Meneja wao akaifuta Ijumaa kwa jina la dada yako. Meneja yuko mahabusu."

Mfiwa aliipokea karatasi kwa vidole viwili, kama kitu kichafu. Alisoma midomo ikitembea. Vali inavuja tangu Jumapili. Mwendeshaji anaomba boila izimwe. Fundi ameitwa mara mbili, hajaja. Halafu mstari wa mwisho: *Ameniomba niandike kama alivyosema: mwambieni bosi hili jitu litaniua, na chumba cha tatu sijakiezeka, mke wangu ataniua mara ya pili.*

Mfiwa alitoa sauti. Wanawake waliinuka kumshika, wakidhani ni kilio, wakakuta ni kicheko, kisha kikawa kilio kweli.

"Ni yeye," alisema alipoweza. "Jitu. Kila kitu kwake kilikuwa jitu." Aliisoma tena. "Na dada kaandika hivi hivi?"

"Neno kwa neno."

"Nami nilimtemea mate."

"Kwa sababu yangu."

Mfiwa alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. Alipoinua macho, yalikuwa makavu na makali. "Ndiyo, kwa sababu yako. Ulimchukua mbele ya watu hawa. Mbele ya mume wangu ndani ya sanduku. Basi utamrudisha mbele ya watu hawa hawa, na utasema kwa mdomo wako, kwa sauti ile ile uliyomkamatia. Humtoi kwa mlango wa nyuma."

"Nitasema."

"Kwa sauti ile ile."

"Ndiyo, mama."

Mfiwa alisimama, akaikunja karatasi mara nne, akaificha kifuani. "Gari lako lina mbio?"

Saa kumi kasoro dakika nane Inspekta alipita mbele ya meza ya mkuu wa kituo bila kusimama, akausukuma ule mlango mzito. Kinanda alikuwa ameketi kama alivyomwacha, vidole kumi juu ya meza. Mdogo wake alisimama kizingitini, akapumua.

"Dada," alisema. "Umeandika 'jitu'."

"Alisema jitu," Kinanda alijibu. "Ningeandika nini?"

Mlango ulianza kurudi wenyewe, kama kawaida yake. Inspekta aliweka mguu, akaegemeza bega, akaushikilia hapo wazi mpaka wale wawili walipomaliza maneno yao yote.